Waya Uliofungwa kwa Uzi

Taa ililazwa juu ya meza ya kituo cha polisi kama mgonjwa, ikiwaka vizuri kabisa, na ugonjwa haukuonekana.

Fundi wa umeme aligusa nguzo yake kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Kitaa hakikuwaka. Akaigeuza kichwa, akauvuta waya, akaitikisa kama mtu anayetikisa debe kusikia kama lina kitu. Akagusa tena. Kimya.

"Taa hii ina adabu ya mtoto mbele ya mgeni," akasema. "Mgeni akitoka tu, ndiyo utamjua."

Mpelelezi hakucheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, na wenzake pale kituoni walimwita Bi Tena, kwa sababu mtu akimaliza kumsimulia jambo yeye humwambia, "Tena," na mtu huyo huanza upya mpaka achoke. Lakini taa huwezi kuiambia isimulie tena. Aliitazama tu, na kadiri alivyoitazama ndivyo alivyozidi kutoelewa.

Ilikuwa taa ya kubeba, ya nguzo ya chuma yenye miguu mitatu, ile inayorefushwa kwa kuvutwa kama antena ya redio, juu ina balbu kali ya kumulika ukumbi. Mjane mmoja na wanawe wawili walikuwa na taa kama hizo kadhaa, wakizikodisha kwenye sherehe na misiba. Mapema wiki ile, yule mwana mdogo wa mjane alikuwa uani kwao akiijaribu hii kabla ya kuipeleka kazini. Umeme ukampiga. Jirani alipofika, alimkuta chini, kiganja kina alama ya kuungua, roho imeshatoka.

Majirani walikuwa wamesikia ugomvi asubuhi hiyo. Kaka mkubwa, ambaye ndiye anayezitengeneza taa zote, alisikika akimwambia mdogo wake, "Leo utanijua." Basi kaka akawekwa ndani. Kesho asubuhi angepelekwa mbele ya hakimu, na Mkubwa wa kituo alitaka jalada liwe tayari jioni hii. Mama wa watu alikuwa amezaa wawili. Mmoja amezikwa, wa pili yuko mahabusu.

"Nieleze tena," Mpelelezi akamwambia fundi.

Fundi akapumua. Akaeleza kwamba ndani ya waya wa taa mna nyaya tatu. Mmoja unaleta umeme, wa pili unaurudisha. Wa tatu, wa rangi ya njano na kijani, ni wa erthi: umefungwa kwenye chuma cha taa na unakwenda mpaka ardhini. Umeme ukipotea njia ukaingia kwenye chuma, waya huu unaupeleka chini mara moja, fyuzi inakatika, taa inazima, na mtu anabaki mzima akilalamika giza. Erthi ya nyumba ya mjane alikwisha kuipima, haina kasoro. Lakini kwenye plagi ya taa hii waya wa erthi ulikuwa umekatwa.

"Kwa hiyo ndio uliomuua."

"Hapana, afande. Erthi ni mlinzi. Mlinzi akiondoka, haimaanishi mwizi ameshaingia. Lazima umeme nao uwe umefika kwenye chuma, na mimi hapa siuoni."

Mpelelezi akaichomoa taa, akaifungua plagi yake, akaitazama kwa mara nyingine. Ncha ya waya ule wa njano na kijani ilikatwa mshazari, safi, na juu yake palizungushwa uzi wa bluu, mizunguko iliyobanana, ukapitishwa chini ya yenyewe na kukatwa karibu kabisa. Fundi gani hufunga waya wa umeme kwa uzi? Kwenye mfuko wa kazi wa yule kaka mkubwa mlijaa tepu nyeusi.

Na hilo ndilo lililomvuruga zaidi. Tangu akamatwe kaka alikuwa akikana kila kitu. Hakumgusa mdogo wake, hakuiharibu taa, hajui lolote. Jana jioni Mpelelezi alimwekea mbele plagi hii iliyofunguliwa. Aliitazama muda mrefu, kisha akasema, "Ni mimi. Andika."

Akaagiza aletwe tena.

Aliingia akiwa ameinama ili asigonge kizingiti, mtu mrefu mwenye mikono mipana. Shati lake lilikuwa limekatika vifungo siku ya kukamatwa. Aliulizwa aliukata waya kwa nini. Akasema basi tu. Akaulizwa kwa kitu gani. Akasema kwa plaizi.

"Kisha?"

"Kisha nikafunga uzi."

Mpelelezi akatoa kwenye droo kipande cha waya, plaizi na uzi, akaviweka mezani. "Tena," akasema. "Mbele yangu."

Kaka akakata. Plaizi iliiuma ncha ikaiacha imebonyea kama iliyotafunwa. Kisha akauchukua uzi. Vidole vile vilivyozoea skrubu vilihangaika nao, ukateleza, ukaanguka, akauokota, na mwisho akafunga fundo kubwa kama la mdomo wa gunia. Akalisukuma mbele bila kulitazama.

Mpelelezi akaliweka kando ya lile la plagi. Mtoto wa chekechea angeona kuwa si mkono mmoja.

"Unamficha nani?"

Kaka akainua macho. "Afande, nimeshasema ni mimi. Wengine mnawapiga ili waseme, mimi nimesema mwenyewe. Mnataka nini zaidi?"

Alirudishwa ndani. Mpelelezi alibaki ameshika kichwa. Alikuwa na mtu aliyekana kila kitu kisha akakiri waya ambao hakuukata, na taa iliyoua uani lakini ofisini haina hatia. Mkubwa alichungulia mlangoni akauliza kama jalada limekwisha, akaambiwa bado, akasema mtu akikiri amekiri, hata vitabu vya dini vinakubali. Akaondoka.

Ndipo Mpelelezi alipotazama juu. Dari ya ofisi ilikuwa fupi, na feni ilizunguka karibu na vichwa vyao. Kwa sababu ya feni hiyo, tangu taa iletwe walikuwa wakiipima ikiwa imekunjwa.

"Fundi," akasema, "beba mgonjwa wako. Twende naye kwao."

Nyumbani kwa mjane watu wa msiba bado walikuwepo, wachache, wamekaa kwenye mikeka na viti chini ya turubai. Mjomba wa marehemu, mtu mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa akipanga taa nyingine za familia pembeni mwa turubai kwa ajili ya jioni. Alipowaona polisi wamebeba ile taa, alitema mate chini na kugeuka upande mwingine.

Aliyewapokea alikuwa mke wa kaka mkubwa. Aliwapeleka uani, akawaonyesha mahali shemeji yake aliposimama, karibu na soketi ya ukutani. Mpelelezi akamwomba asimulie ugomvi wa asubuhi ile. Mwanamke akasema walikuwa wakigombania taa, kama kawaida yao.

"Tena. Taa ilifanya nini?"

"Haikufanya kitu. Mume wangu huziweka fupi siku zote, anasema zikiwa ndefu upepo utaziangusha. Shemeji akasema taa fupi inawatia watu kivuli usoni, picha zinatoka kama za majini. Mume wangu akamwambia, 'Ukiipandisha ikianguka ikapasuka, leo utanijua.' Akaenda zake dukani. Ndiyo hiyo 'utanijua' waliyoisikia majirani. Mwanzo wa maneno hakuna aliyeusikia, mwisho kila mtu anao."

"Na marehemu akaipandisha."

"Alikuwa mbishi," akasema, na macho yakamjaa.

Fundi akaisimamisha taa ikiwa fupi, akaichomeka. Ikawaka. Testa kwenye nguzo, kimya. Akaichomoa, akairefusha mpaka mwisho, akaichomeka tena, akawataka wote wakae mbali. Akanyosha mkono kwa hadhari, kama mtu anayemgusa nyoka bila kujua kama amekufa. Kitaa kidogo ndani ya mpini kikawaka chekundu.

Akachomoa, akaishusha, akapima. Kimya. Akairefusha. Chekundu.

"Mwizi huyo," fundi akasema polepole.

Alipofungua kichwa cha taa, mwizi alionekana vizuri. Pale waya unapoingia kwenye tundu la chuma panatakiwa kuwa na kimpira cha kuulinda usikwaruzwe. Kimpira kilikuwa kimekaushwa na joto la balbu mwaka hata mwaka, kimevunjika, kimebaki ungaunga. Ukingo wa chuma ulikuwa umekula ganda la waya wa umeme mpaka shaba imetoka, ndogo kama jino la mtoto linaloanza kuota. Nguzo ikiwa fupi, waya umelegea na ile shaba haigusi kitu. Ikirefushwa, waya unavutika na shaba inalala juu ya chuma. Hakuna mtu aliyefanya hilo. Ni uzee wa mpira tu.

Sasa wewe mwenye taa ya namna hii nyumbani, usingoje ikuonyeshe. Ikunje, irefushe, uipindue, na kila mara fundi aipime. Kuwaka si uzima.

Mpelelezi alimwambia fundi aikate ile plagi pamoja na ncha zake na kuweka nyingine, akaitia mfukoni, kisha akamtuma arudi kituoni na taa amwonyeshe Mkubwa kabla hajaondoka. Swali la kwanza lilikuwa limejibiwa, la pili ndilo lililobaki: nani alimfukuza mlinzi? Maana waya wa erthi ungekuwepo, fyuzi ingekatika marehemu alipoanza tu kuipandisha, na leo wangekuwa ndugu wawili wanaogombana. Kichwa chake chote kilikuwa kwenye ule uzi wa bluu. Zile taa nyingine pembeni mwa turubai alizipita bila kuziangalia, na hilo baadaye lilimtoa jasho.

Mama mjane alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda karibu na dirisha. Alikuwa mwembamba, na mapajani mwake palikuwa na shati jeupe la kiume. Alimkaribisha mgeni kwa sauti ndogo, akamwomba radhi kwamba hasimami, kazi imemkalia na jua linazama.

"Ni la nani, mama?"

"La mkubwa wangu. La kwake limekatika vifungo. Kesho atasimama mbele ya hakimu, mwanangu, hawezi kusimama kifua wazi kama mhuni."

Mpelelezi akaketi kwenye kigoda. Akasema wamegundua kwamba taa ilichakaa yenyewe, na ule ugomvi ulikuwa maneno ya ndugu tu. Mama alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mbali. Aliendelea kushona. Alipitisha sindano kwenye kifungo, kisha akauzungusha uzi kwenye shingo ya kifungo, mizunguko iliyobanana, akaupitisha chini ya yenyewe, akachukua mkasi mdogo na kuukata karibu kabisa.

Mpelelezi akaitambua mizunguko ile.

Aliingiza mkono mfukoni, akatoa plagi, akaifungua na kuiweka juu ya kitanda kati yao.

Mama aliitazama, wala hakushtuka. Ilikuwa kama ameonyeshwa kazi yake ya jana.

"Huu niliukata mimi," akasema.

"Kwa nini, mama?"

Akaeleza bila kuficha, kwa maneno ya mtu asiyeona kosa alipo. Alisema yeye umeme alikuwa akiuogopa tangu wanawe waanze kazi ile. Alikuwa hapati usingizi wakitoka, na simu ikilia moyo unamwenda mbio. Siku moja mkubwa alikuwa amefungua taa mezani, naye akaja kutazama. Akaziona nyaya mbili zinakwenda kwenye balbu, sawa, balbu inataka umeme. Lakini wa tatu akauona umefungwa kwenye chuma chenyewe, kile kile ambacho wanawe wanakishika. Alijiuliza ni mwendawazimu gani ameufunga waya wa umeme kwenye chuma.

"Nikasema huu ndio utakaoniulia watoto. Kumwuliza mkubwa nikaona aibu, angecheka aseme mama na mambo yake. Basi walipotoka nikafungua plagi kwa kisu cha jikoni, nikaukata kwa mkasi wangu. Nikaufunga uzi ncha isitawanyike, ikagusa mwenzake. Tangu siku ile nikawa nalala."

Alisema hivyo na karibu atabasamu.

Mpelelezi alikuwa amehoji wezi, waongo na wauaji, lakini hajawahi kukaa mbele ya mtu aliyefanya kosa kwa kupenda namna hii. Alijua asipomwambia, yule mwana angefungwa kwa ajili ya mama yake na mama angebaki hajui. Akamweleza taratibu, kama alivyoelezwa na fundi. Akasema waya ule hauleti umeme. Unauondoa.

Sindano ilisimama katikati ya kitambaa.

"Sema tena," mama akasema.

Akasema tena. Mama alisikiliza huku akiiangalia midomo yake, kama kiziwi. Nje watu walianza kusogeza viti. Jua lilikuwa limekwisha kuingia na chumba kimeanza kuwa cheusi kwenye pembe.

"Na mkubwa wangu anajua kuwa ni mimi?"

"Alipouona uzi alijua. Ndipo akasema ni yeye."

Mama akafumba macho. Alipoyafumbua hakulia. Alitazama dirishani, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mwanangu," akasema, "nilizikata zote."

Wakati ule ule mwanga mkali ukapiga kwenye dirisha, na kivuli cha nondo kikalala juu ya lile shati jeupe.

Mpelelezi alitoka mbio. Chini ya turubai taa ya kwanza ilikuwa inawaka, na mjomba alikuwa ameinama juu yake, mkono mmoja mbele ya balbu akijikinga macho, mwingine ukilegeza kile kibano cha kuirefushia nguzo. Alikuwa akimwambia mtu kwamba taa gani hii inamulika miguu ya watu. Mpelelezi alitaka kupiga kelele, akajizuia. Mtu akishtuka hukamata alichokishika. Akaruka mikeka, akamkanyaga mtu, akaufikia ukuta na kuichomoa plagi.

Giza likaanguka. Watu wakanung'unika. Mtoto mmoja akacheka. Mjomba alinyooka na kuuliza kwa ukali nani amezima, na kama polisi sasa wamekuja kuwanyima hata mwanga wa kumlilia mtu wao.

Mpelelezi alisimama kati yake na soketi. Alikuwa ameibana plagi kifuani.

Jibu lilitoka mlangoni.

"Msiwashe," mama akasema. "Hizo taa msiziguse. Nimeziharibu mimi, kwa mkono wangu, nikidhani nawalinda."

Hakuna aliyeelewa. Mjomba alimwita dada yake kwa upole, akamwambia uchungu unamsemesha, aende akapumzike. Mama akasema hana wazimu, na kwamba yule aliyeko mahabusu hakukata kitu, na kila aliyekaa hapo aende nalo neno hilo nyumbani kwake, kama walivyokwenda na lile la "utanijua."

Kisha akaja polepole katikati ya mikeka, watu wakimpisha mmoja mmoja, mpaka alipofika kwa Mpelelezi. Kwenye mkono mmoja alikuwa na mkasi mdogo wa kushonea. Kwenye mwingine alikuwa na lile shati, limekunjwa vizuri, vifungo vyote vimetimia.

"Mkasi ni wa ushahidi wenu," akasema. "Shati mpelekee mwanangu alivae leo. Njia ya kurudi nyumbani ina baridi, na kwa hakimu nitakwenda mimi."